Futi Sita za Karakana ya Baba

Harufu ya oili chafu ikikutana na harufu ya mtama uliolowekwa kwa ajili ya pombe huzaa harufu ya tatu, ambayo sijaisikia popote tangu nilipoondoka nyumbani kwetu karibu na Misigiri. Ilikaa kwenye mashuka, kwenye kata ya maji, na Mama aliapa kwamba ilikuwa imeingia hata kwenye maziwa ya mbuzi. Mtama ulikuwa wake na oili ilikuwa ya Baba, na kwa muda mrefu vitu hivyo viwili viligombania uwanja mmoja, kila kimoja kikimwagika upande wa mwenzake. Nilikuwa darasa la saba mwaka huo, wa kwanza darasani kwa hesabu, na nilikuwa najua hivyo kupita kiasi. Yaliyotokea msimu ule wa mavuno watu waliyacheka miaka mingi, nami nikayacheka nao. Leo nayasimulia kwa sababu kuna sehemu ambayo hawakuijua, na sehemu hiyo haichekeshi sana.

Baba alikuwa dereva wa magari ya kutengeneza barabara. Alipoacha kazi alirudi kijijini na gari lililokuwa likivutwa na ng'ombe wanne. Alilinunua Sekenke kwa mchimbaji mmoja wa dhahabu aliyekata tamaa na dhahabu na gari kwa pamoja. Lilikuwa dogo, la mviringo, lenye milango miwili tu, lakini mipana kama ya ghala. Vioo vyake vilikuwa vimekwama juu na havikushuka, na gia ya kurudi nyuma ilikuwa imekufa zamani. Baba aliliita Mwali, kwa kuwa, alisema, halikustahili kupigwa jua ovyo wala kutumwa kazi. Hilo ndilo lililowashinda majirani. Wangeelewa gari la kubeba magunia, au la kupeleka mgonjwa hospitali. Gari la kufuta vumbi, kufungua, kufunga, kuliwasha Jumapili na kulizungusha mara tatu kuzunguka nyumba halafu kulizima, hilo hawakulielewa, na Mama alikuwa wa kwanza miongoni mwao.

"Mume wangu ana mke wa pili asiyejua kutwanga," aliwaambia wanawake wenzake kisimani, na maneno hayo yakamfikia Baba kabla ya maji kufika nyumbani.

Ugomvi uliiva mwaka ule mavuno yalipokuwa mazuri. Mama alihitaji uwanja kwa ajili ya kupura mtama, na Mwali alikuwa katikati ya uwanja akiwa ametolewa matairi. Kuku walikuwa wamekwisha kutaga kwenye kiti cha nyuma. Mama akatoa masharti mbele ya kaka yake, Mjomba Mkumbo, ambaye alikuwa na kazi moja tu duniani, nayo ni kumtania shemeji yake. Masharti yalikuwa hivi: Baba ajenge karakana. Iwe tembe, kama nyumba zetu zote wakati huo, yenye paa bapa la udongo. Chini kuwe kwa Baba, juu kuwe kwa Mama wa kuanikia mtama. Na siku debe la mwisho la mtama litakapopandishwa juu ya paa, Mwali awe ameingia ndani.

"Na asipoingia?" Baba aliuliza.

"Nitang'oa vile viti, niweke vichanja. Kuku wangu wamekwisha kulizoea."

"Shemeji, usihuzunike," Mjomba alisema. "Mayai ya kwenye gari utayauza bei ya juu. Yamesafiri."

Baba hakucheka. Jioni ile ile aliniita, akaniambia nilete daftari la hesabu lenye miraba, akaniita injinia. Sikuwahi kuitwa jina zuri kama lile. Akaahidi kwamba karakana ikikamilika, mtu wa kwanza kushika usukani baada yake ni mimi, mpaka barabara kubwa na kurudi. Kuanzia hapo sikula vizuri wala kuchunga vizuri. Mbuzi wawili walikula mihogo ya watu nikiwa napiga mistari.

Nataka niseme kwa haki kwamba ramani ile ilikuwa nzuri. Kila mraba ulikuwa futi moja. Baba alikuwa na mambo yake: meza ya kazi iwe upande wa kaskazini ipate mwanga wa kidirisha, kimo chake kimfike kiunoni ili asiiname, spana zitundikwe ukutani kwa ukubwa, na kila moja ichorewe kivuli chake kwa mkaa ili ikiibiwa ijulikane, shimo la kuingia chini ya gari liwe katikati, madebe ya oili yakae kona ya mbali na moto. Mama naye alikuwa na mambo yake. Alikuja na mikono iliyojaa unga, akaweka kidole kwenye ramani yangu, akaacha alama.

"Hapa kuku."

"Hapo ni mahali pa betri, Mama."

"Betri hutaga?"

Pakawa pa kuku. Vita kubwa ilikuwa ya mlango wa pili. Kwa kuwa gari halikujua kurudi nyuma, Baba alitaka karakana iliyotoboka, aingilie mashariki na kutokea magharibi. Mama alikataa katakata. Upepo wa kwetu mnaujua. Miezi ile unavuma kama umetumwa, na milango miwili iliyoelekeana ingeugeuza uwanja wake wa kupepetea kuwa bomba. Baba alikubali mlango mmoja, akasema halihitaji gia ya kurudi nyuma gari la mtu mwenye majirani. Watalisukuma. Wakati huo lilionekana jibu la mtu mwenye akili.

Ili kujua gari litakaaje, nilimpima Mwali kwa rula ya Baba ya kukunja: upana futi tano. Nikakata kipande cha boksi la sabuni, miraba mitano kwa kumi na mbili, nikakitembeza juu ya ramani kama gari. Kiliingia, kikasimama, kikatosha. Tembe hubebwa na nguzo za ndani, safu mbili, na gari lilipaswa kupita katikati ya safu hizo. Niliacha nusu futi kila upande, nikaandika kati ya safu na safu namba 6, nikaikoleza. Nilijiona nimekuwa mkarimu. Kipande cha boksi hakina milango, wala hakuna mtu anayeshuka kutoka humo. Hilo halikunijia kichwani hata kidogo.

Fundi aliyeitwa alikuwa Mzee Kitundu. Alikuwa amejenga karibu tembe zote za upande ule, na hata kanisa la kwanza la udongo, kwa mkono wake na pombe ya watu. Hakujua kusoma. Alikuwa na utaratibu wake wa kupanga nyumba ambao wengi wenu hamkuuona. Alichora kuta na nguzo chini kwa majivu, kwa ukubwa wake kamili, halafu akamtaka mwenye nyumba aishi humo kwa saa nzima kabla ya jembe kugusa ardhi. Utaingia mlangoni ukiwa na mtungi kichwani. Utalala pale utakapolala. Mke atakoroga ugali usio na chungu wala moto, na watoto watapita nyuma yake. Yeye alikaa pembeni juu ya kigogo akitazama ni nani anamgonga nani, kisha akasogeza mstari kwa kidole cha mguu. Watu walijisikia wajinga kulala chali kwenye majivu huku majirani wakipita, lakini hakuna aliyewahi kulalamikia nyumba yake.

Alipofika kwetu na mfuko wake wa majivu nilimwamkia, "Shikamoo, mzee," akaitikia, akaliangalia daftari langu kwa heshima, kama mtu anavyoangalia mtoto wa mwenzake aliyevishwa nguo mpya.

"Vizuri. Nisomee," akasema. Nikamsomea kila kitu, pamoja na futi sita kati ya nguzo na nguzo. Akachora kwa majivu akitumia kijiti nilichomkatia cha futi moja. Alipomaliza akageuka kwa Baba. "Sasa lete gari liingie humu, na wewe ushuke. Nione unashukaje."

Mwali alikuwa bado hana matairi. Kumrudishia matairi, kumwasha, na kumzungusha ingekuwa kazi ya nusu siku. Baba alinitazama.

"Injinia, ni lazima?"

"Si lazima, Baba. Imeshapimwa yote. Iko kwenye karatasi."

"Karatasi haishuki kwenye gari," Mzee Kitundu akasema, bila ukali.

"Mzee, dunia inakwenda mbele," nikamwambia mimi, mtoto wa miaka kumi na mitatu, ambaye kaptula yake ilifungwa kwa kamba ya katani. Baba akacheka kwa fahari. Mzee Kitundu akakunja mfuko wake wa majivu. Kesho yake nguzo zikachimbiwa.

Ujenzi wenyewe ulikuwa sikukuu ya majuma mawili. Watu walikuja kwa kazi ya pombe, kama ilivyokuwa desturi. Asubuhi walipandisha udongo kwa nguvu, alasiri waliupandisha kwa nyimbo, na kuelekea jioni udongo uliopanda ulikuwa mdogo kuliko nyimbo. Shimo la kuingia chini ya gari lilifika magotini likakutana na jiwe, kwa maana Singida ukichimba popote jiwe linakusubiri. Baba alisema magotini panatosha, atajikunja. Kuku walihamia kwenye kona yao kabla paa halijafungwa.

Siku tatu kabla ya kumwingiza Mwali, nilikuwa peke yangu ndani nikichora vivuli vya spana kwa mkaa. Nikaenda nje kuchukua nyundo kwenye gari. Nikaufungua mlango wake, ukafunguka wote, mpana kama ubawa. Nikauangalia. Nikazitazama nguzo kupitia mlango wa karakana. Katikati ya nguzo zile mlango kama huu usingefunguka. Nilirudi nikapima kwa mikono, nikapima tena kwa rula, nikapima mara ya tatu kana kwamba nguzo zingeona huruma. Nusu futi. Ningekwenda kumwambia Baba siku ile, nguzo zingesogezwa, ningepigwa kidogo na kuchekwa sana, basi. Lakini ningeacha kuitwa injinia, na usukani ungeota mbawa. Nikajiambia labda Baba atashuka kwa upande. Baba alikuwa na kitambi cha dereva wa miaka ishirini.

Siku yenyewe ilifika. Mtama wote ulikuwa juu ya paa, umetandazwa mwekundu, limebaki debe moja tu ambalo Mama alikaa nalo mapajani kama hakimu. Majirani walikuwa wamejaa, pombe imeiva. Baba alivaa koti. Alimwasha Mwali, akazunguka nyumba mara tatu kwa ajili ya heshima, akaelekeza pua mlangoni na kuingia huku watu wakipiga vigelegele. Alipoziona nguzo zilivyo karibu alikata usukani kidogo kulia. Bampa ikakwaruza, gurudumu la mbele likaangukia kwenye shimo, gari likabana ubavu wa kulia dhidi ya nguzo na kunyamaza.

Vigelegele vilikufa kimoja kimoja. Tukamwona Baba akijaribu mlango wa kulia. Haukutikisika. Akajaribu wa kushoto. Ukafunguka upana wa kiganja, ukagonga nguzo. Akaufunga taratibu, akaufungua tena, kama mtu aliyekosea mara ya kwanza.

"Shemeji," Mjomba akaita, "umefika?"

"Sukumeni nyuma!" Baba akasema kupitia ule upenyo.

Walisukuma, au tuseme walivuta, lakini gurudumu lilikuwa shimoni na wavutaji walikuwa na pombe. Lilihitajika jeki. Jeki ilikuwa chini ya kiti cha Baba, nayo ni nene kuliko upenyo. Mtu mmoja akaleta wazo la kuvunja kioo cha mbele. Baba akakumbatia kioo kwa ndani. "Anayevunja kioo hiki avunje na kichwa changu! Kioo kama hiki hakipo Singida nzima!" Mwingine akaleta shoka ili akate nguzo. Mama, aliyekuwa amesimama nje macho yakiwa juu ya paa, akasema kwamba punje moja ya mtama wake ikianguka, mume wake atalala humo mpaka masika.

Saa zikapita. Mama alimletea chakula. Bakuli halikupita, kwa hiyo alimpa ugali tonge kwa tonge kwenye upenyo, na mlenda akauchota kwa kijiko. Kama unaujua mlenda wetu, unajua kwamba haukubali kukatika. Ulivutika kutoka bakulini mpaka kwenye gari, ukining'inia juu ya koti la Baba, na Mjomba alilazimika kwenda kukaa chini nje kwa kucheka.

"Mume wangu," Mama akasema, "gari limeingia?"

"Limeingia."

"Nawe umeingia?"

Baba akatafuna kwa heshima. "Nimeingia."

"Basi umetimiza." Akapandisha debe la mwisho juu ya paa. Mama alikuwa mtu wa neno lake, na Mwali aliokoka kuwa banda la kuku mbele ya mashahidi.

Ingeishia hapo ingekuwa hadithi nzuri. Lakini mtu aliyekaa ndani ya gari kwa muda wa saa nne akiangaliwa na kijiji kizima lazima atafute mwenye kosa. "Nani aliyepima nguzo hizi?" Baba akauliza, na watu wote wakanigeukia mimi na Mzee Kitundu. "Leteni daftari!"

Nilitumwa mimi. Nilikimbia mpaka ndani, nikalichukua daftari juu ya kabati, na ile 6 yangu iliyokolezwa ikanitazama. Penseli ilikuwa pale pale. Sita ukiirudisha kichwa chake kikagusa tumbo, inakuwa nane. Ni mkunjo mmoja. Haukunichukua hata muda wa kuvuta pumzi, na nilirudi nikikimbia kwa kasi ile ile ili isijulikane kwamba nilisimama.

Baba alilibandika daftari kwenye kioo kwa ndani, akasoma namba kwa sauti bila kuhesabu miraba. "Nane! Kitundu, karatasi inasema nane!"

Mzee Kitundu alisogea. Aliangalia karatasi ambayo hakuweza kuisoma, akaiangalia muda mrefu. "Mimi nilisomewa sita," akasema.

"Macho hayaoni, na masikio nayo yameanza," mtu mmoja akasema nyuma, watu wakacheka. Mjomba akaongeza kwamba mzee apewe tembe ya kuku ajaribu upya. Walicheka tena. Mzee Kitundu akanigeukia. Hakukasirika. Alinitazama tu, akinisubiri, kama alivyokuwa akikaa kwenye kigogo chake kusubiri watu waone wenyewe wanapogongana. Mimi nikainama nikafunga kamba ya kaptula ambayo haikuwa imefunguka.

Basi akafanya kazi. Akaagiza nguzo mbili mpya za panda, akazisimika huku na huku za ile iliyobana mlango wa kushoto, akazigongea kabari mpaka boriti ikaachia uzito wake kwao. Akafukua mguu wa nguzo ya zamani kwa mikono, akaitoa kama mtu anavyotoa mwiba kwenye mguu wa mtoto. Juu ya paa haikuanguka hata punje moja. Mlango ukafunguka, Baba akatoka na mlenda kwenye koti, watu wakashangilia, lakini walimshangilia Baba. Mzee Kitundu akanawa mikono, akapewa kibuyu cha pombe, akakiweka chini bila kukionja, akaaga na kuondoka. Wenye umri wangu mnajua maana ya fundi kuondoka bila kuonja pombe ya kazi yake: amevunjiwa heshima.

Msimu uliofuata watu walimwita fundi mwingine kutoka kijiji cha mbali. Ilisemwa kwamba Kitundu amezeeka, anasikia hivi anajenga vile. Hakukana. Akarudi kuchonga mizinga ya nyuki, nami nilikuwa nikipishana naye njiani akiwa amebeba gogo begani. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mjukuu wangu." Kila mara nilisema nitamwambia mara ijayo. Nilipata nafasi yangu kwenye usukani, mpaka barabara kubwa; siikumbuki hata kona moja. Nikaenda sekondari, nikafanya kazi mjini, na mzee akafa mimi nikiwa mbali. Baba alikufa akiamini ile nane.

Sasa mimi ni mstaafu, na nyumbani kwangu mjini Singida nina gari bovu langu mwenyewe ambalo mke wangu analiita kwa majina nisiyoweza kuandika. Mjukuu wangu alinipangia karakana kwenye simu yake. Unaligusa gari kwa kidole, linageuka, unaona juu, unaona chini, na kosa ukilifanya unabonyeza tu linafutika, hakuna aliyeliona. Vijijini tembe zimekwisha. Kila mahali ni bati na tofali, na mafundi wanapima kwa kamba za chuma. Ni vizuri, sikatai. Paa la bati halivuji kama la udongo, ingawa huwezi kuanika mtama juu yake.

Mwaka huu nilikwenda Misigiri kumtafuta binti wa Mzee Kitundu. Ni mzee kama mimi, anauza vitunguu barabarani. Tulisalimiana, nikakaa kwenye gunia tupu, nikamweleza yote tangu mwanzo, penseli na mkunjo wake, na nikamwomba awaambie watu kwamba baba yake alisikia sawasawa. Alicheka sana pale kwa mlenda, kisha akarudi kupanga vitunguu vyake.

"Asante, kaka," akasema. "Lakini nimwambie nani?"

Tukaanza kuhesabu kwa majina waliokuwepo siku ile na kucheka. Tulikwenda nyumba kwa nyumba, kutoka bondeni mpaka juu, na kila jina tulilolitaja mmoja wetu alijua limezikwa wapi. Wa mwisho aliyebaki hai, ambaye angeweza kuambiwa ukweli kuhusu Mzee Kitundu, nilikuwa mimi, niliyeujua siku zote.